Tarehe 29 Aprili Kando ya Ziwa Tanganyika

Mazungumzo kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo





Mlituomba tuzungumze nanyi juu ya kumbukumbu na amani. Badala ya kuzungukia mambo mengi kwa juu juu, tumeona ni afadhali tushike tarehe moja tu ya kalenda, yaani tarehe 29 Aprili. Katika kalenda ya Kanisa siku hiyo ni ya Mtakatifu Katarina wa Siena, na huyo tutamfikia. Lakini kwetu sisi tunaokaa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao hadi Kagunga, tarehe hiyo ina uzito mwingine. Mwaka 1972, tarehe 29 Aprili, ndipo yalipoanza mauaji ya Burundi ambayo Warundi wenyewe huyaita ikiza. Mwaka 1994, siku hiyohiyo ya mwezi, Tanzania ilikuwa ikipokea robo milioni ya watu kupitia daraja la Rusumo.

Tuseme mapema kwamba tarehe haina uchawi. Kuna watu wanaopenda kukusanya siku zilizogongana na kuona ndani yake ishara na mafumbo; hatuko pamoja nao. Kwetu tarehe ni kama kigingi pale ufukoni: mtu hufunga kamba yake hapo ili mtumbwi usichukuliwe na maji usiku.

Basi tuanze na mwaka 1972. Ilikuwa Jumamosi. Mchana wa siku hiyo Rais Michel Micombero aliwaachisha kazi mawaziri wake wote. Jioni, vikundi vya waasi wa Kihutu vilishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini mwa Burundi, kwenye ufuko uleule wa ziwa letu. Waliua Watutsi, wake kwa waume na watoto, na waliua pia Wahutu waliokataa kuungana nao. Usiku huohuo, mjini Gitega, aliuawa Ntare wa Tano, mfalme wa mwisho wa Burundi, kijana wa miaka 24. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo alikuwa amerudishwa kutoka Uganda, Rais Idi Amin akiwa amepewa ahadi kwamba hatadhurika.

Yaliyofuata yalidumu kwa miezi. Jeshi na vijana wa chama tawala hawakuishia kuwasaka waasi. Walianza kuwakamata Wahutu wenye elimu: walimu, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, wauguzi, makarani, wafanyabiashara, mapadre na wachungaji. Wengine waliitwa kwa majina darasani au ofisini, wakapakiwa katika malori, wasionekane tena. Mwezi Mei aliuawa Padre Michel Kayoya, mwandishi na mshairi, ambaye maandishi yake yalikuwa yamesomwa mbali nje ya Burundi. Makadirio ya waliouawa hutofautiana, mengi yakiwa kati ya watu laki moja na laki tatu. Mwezi Desemba 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza kwamba yaliyotendwa dhidi ya Wahutu mwaka ule yalikuwa mauaji ya kimbari. Ilikuwa imepita karibu nusu karne.

Kutoka Nyanza-Lac hadi mpaka wetu si mbali. Watu walikuja kwa mitumbwi wakiambaa ufukoni, na wengine kwa miguu wakipita milimani. Walipofika waliwakuta Waha, ambao lugha yao na Kirundi ni kama ndugu wa tumbo moja. Mgeni aliomba maji na akaeleweka bila mkalimani. Baadaye Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwatengea ardhi mbali na mpaka: Ulyankulu mwaka 1972, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Hata hivyo wako wengi ambao hawakwenda huko. Walibaki katika vijiji vya mwambao na vya milimani, wakalima, wakavua, wakaoa na kuolewa.

Ukarimu ule haukuwa bure. Mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalishambulia vijiji vya mkoa wetu yakidai kuwafuata waasi, na Watanzania waliuawa. Wafanyakazi wa bandari walijibu kwa kukataa kugusa mizigo ya Burundi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu vijana wengi hawalijui, nao husikia tu hadithi kwamba zamani kupokea wageni kulikuwa jambo jepesi. Halikuwa jepesi hata siku moja.

Sasa tufike kwenye jambo linalotusumbua zaidi kuhusu mwaka 1972. Wakubwa walioagiza mauaji yale hawakufikishwa mahakamani kujibu. Ikiza lilizikwa bila kesi na bila matanga, na ndani ya Burundi kulisema hadharani kulikuwa hatari. Lakini lisilosemwa hadharani husemwa jikoni. Watoto waliozaliwa katika makazi ya wakimbizi walilelewa na hadithi za mauaji, nao hawakuwa na mahali pa kuzipeleka. Mwaka 1980, huko Mishamo, kilianzishwa chama cha Palipehutu, ambacho baadaye kilishika silaha. Mwaka 1988 damu ilimwagika tena katika Ntega na Marangara, na mwezi Oktoba 1993 aliuawa Rais Melchior Ndadaye, Watutsi wengi wakauawa kwa kisasi, jeshi nalo likaua Wahutu, na wakimbizi wakajaa tena Kasulu na Kibondo. Hatusemi kwamba kesi peke yake ingezuia yote hayo. Tunasema kwamba dhuluma isiyoitwa kwa jina lake huendelea kuzaa.

Ni hapo 1994 inapotofautiana na 1972. Baada ya ndege ya Rais Habyarimana na Rais Ntaryamira kutunguliwa tarehe 6 Aprili, mauaji ya Watutsi, na ya Wahutu waliopinga mauaji hayo, yalienea Rwanda nzima. Wapiganaji wa RPF wakasonga mbele kuelekea mashariki, na watu, wengi wao Wahutu, wakakimbilia mpakani. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema halijapata kuona msafara mkubwa na wa haraka kiasi hicho. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti kuelekea Ziwa Viktoria. Wengi wa waliovuka walitua Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya ujenzi wa barabara.

Tarehe hiyohiyo, huko New York, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Boutros Boutros-Ghali, aliliandikia Baraza la Usalama akiliomba lifikirie upya uamuzi wake. Siku nane kabla, Baraza lilikuwa limeamua kupunguza askari wa kulinda amani Rwanda wabaki 270. Wajumbe walibishana hadi usiku wa manane, kisha wakatoa tamko lililoeleza mauaji kwa urefu lakini likakwepa neno "kimbari", maana neno hilo lina wajibu ndani yake. Watu walikuwa wakivuka daraja huku wakubwa wakichagua maneno.

Ndugu zetu, je, waliovuka walikuwa akina nani? Walikuwamo akina mama wenye watoto mgongoni, wazee, wagonjwa, watu wasio na hatia yoyote. Walikuwamo pia wauaji. Wilaya ile ya upande wa pili wa daraja, komuni ya Rusumo, ilikuwa chini ya burugumesta Sylvestre Gacumbitsi. Katikati ya mwezi Aprili aliongoza mashambulizi dhidi ya watu waliokimbilia parokia ya Nyarubuye, wakauawa kwa maelfu, wengi wao ndani ya kanisa na katika majengo yake. Kisha naye alikimbilia Tanzania kama mkimbizi. Alikamatwa tarehe 20 Juni 2001 katika kambi ya Mukugwa, humu mkoani Kigoma. Kwa sadfa, siku hiyo dunia ilikuwa ikiadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani kwa mara ya kwanza. Mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha ilimhukumu mwaka 2004 kifungo cha miaka 30, na katika rufaa ya mwaka 2006 ikampa kifungo cha maisha.

Kwa miaka mingi, basi, mtu yule alikaa kambini kati ya watu waliokuwa na njaa kweli na hofu kweli. Wako wanaotoa hapo hoja kwamba milango ingefungwa. Sisi tunaona kinyume. Kama daraja lingefungwa usiku ule, wangeangamia wasio na hatia, na wauaji wenye fedha na magari wangepata njia nyingine. Kilichokosekana Benaco ni kazi ya kuwatenga wenye silaha na wenye damu mikononi mapema. Kupokea na kuchunguza ni kazi mbili, na mwenyeji mmoja aweza kuzifanya zote mbili akisaidiwa.

Tugeuke kidogo kwenda mbali. Tarehe 29 Aprili 1945 askari wa Marekani waliwafungua wafungwa wa kambi ya Dachau nchini Ujerumani, iliyokuwa ikitesa watu tangu Machi 1933. Humo walifungwa pia mapadre na watumishi wa dini zaidi ya 2,500, walio wengi kutoka Poland. Wakati huohuo Wapolandi wengine, wengi wao wanawake na watoto, walikuwa wakimbizi hapa Tanganyika, huko Tengeru karibu na Arusha na katika kambi nyingine. Makaburi ya baadhi yao yapo Tengeru. Anayedhani kwamba ukimbizi ni tabia ya kabila fulani la Maziwa Makuu na ayatembelee.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2010 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa yale makazi matatu, nao walianza kupokea vyeti mwaka 2014 baada ya kungoja sana. Hilo ni tendo kubwa, ambalo nchi tajiri chache zimethubutu kulifanya. Lakini wale waliobaki vijijini Kigoma hawakuwamo katika mpango huo wa awali. Tena Muha aliyezaliwa hapa, na babu yake akazikwa hapa, huulizwa njiani uraia wake kwa sababu ya lafudhi yake. Na katika ugomvi wa shamba au wa mahari, neno "mkimbizi" hutolewa kama jiwe. Ninyi viongozi wa Jumuiya mnafahamu hayo kuliko sisi. Ni ninyi mnaoulizwa: huyu mnamjua? Ni wa hapa? Twawasihi mseme kweli mnayoijua, msiongeze chumvi kwa ajili ya ndugu wala msipunguze kwa ajili ya jirani mnayegombania naye mpaka. Asiye na hakika na aseme hana hakika. Ushahidi wa uongo katika jambo hili humng'oa mtu na watoto wake.

Juu ya Mtakatifu Katarina tutasema machache. Alifariki Roma tarehe 29 Aprili 1380, akiwa na umri wa miaka 33. Hakuwa mtawa wa ndani ya konventi; alikuwa mlei wa shirika la Wadominiko, akiishi nyumbani. Barua zake nyingi aliwatamkia wengine waziandike, nazo ziliwafikia watawala na hata Papa Gregori wa Kumi na Moja, akimsihi atoke Avignon arudi Roma, naye alirudi mwaka 1377. Akina mama wa WAWATA wanaoambiwa kwamba mambo ya haki ni ya wanaume wenye elimu wanaweza kumtaja.

Kuhusu adhimisho lenyewe, tunapendekeza hivi. Tarehe 29 Aprili, katika sala za waamini, watajwe marehemu wa Rumonge waliouawa jioni ile ya kwanza, na marehemu wa miezi iliyofuata, na wale wa Nyarubuye, wote katika sala moja bila kutengwa kwa makabila. Tunajua wapo watakaonung'unika, kila upande ukitaka wafu wake tu. Pia kila Jumuiya itafute daftari moja. Wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1972 wanapungua. Waulizwe mitumbwi ilitua wapi, nani aliwapokea, walikula nini wiki ya kwanza, nani alizikwa njiani na wapi. Waandikwe kwa maneno yao, kwa Kiha, Kirundi au Kiswahili. Anayeomba jina lake lisiandikwe asiandikwe. Madaftari yaletwe parokiani kabla ya Pentekoste, nasi tutayahifadhi chini ya ufunguo.