Foto za Wazee Wetu

 Leo tunawaletea habari ya mtoto wa Lubumbashi anayefanya kazi ya picha. Jina lake Sammy Baloji.

Alizaliwa mwaka 1978. Alisoma katika Université ya Lubumbashi, akachora vibonzo, kisha akashika kamera. Baadaye akaingia katika sanamu na filamu, na kazi zake zimeonyeshwa Venice na Kassel. Hayo ni mazuri, lakini tuangalie picha zenyewe.

Mwaka 2006 alitengeneza picha alizoziita Mémoire, yaani Kumbukumbu. Alipiga foto za rangi za viwanda vya Gécamines vilivyonyamaza, paa zimetoboka, vyuma vimeshika kutu. Kisha akachukua foto za zamani za ukoloni, zisizo na rangi, akawatoa watu waliomo na kuwasimamisha katikati ya magofu hayo. Wanatutazama. Katika filamu yenye jina hilohilo, Faustin Linyekula anacheza dansi ndani ya kiwanda kitupu.

Mtauliza: hayo yanatuhusu nini, sisi tuliokimbia? Yanawahusu sana. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na watu wa karibu hawakuitosha. Ikatafuta wafanyakazi Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kutaka wakae na wake zao, na watoto wakazaliwa kambini. Basi, miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala kwenye stesheni wakingoja treni, na wengi walifia njiani. Wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa wafanyakazi wale wale. Ukitazama foto hizo, hutajua nani ni mwenyeji na nani ni mtu wa kuja. 

Mwaka 2013 Baloji alirudi kwenye jambo hilo kwa njia nyingine. Alipiga picha za Lubumbashi kutoka angani, akazipanga pamoja na picha za mbu na nzi. Nzi, ndugu zangu! Wakoloni waliacha uwanja mtupu kati ya mtaa wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, wakisema mbu wa malaria hawezi kuruka umbali huo. Na foto moja ya wakati ule inaeleza kwamba mfanyakazi alipaswa kuleta nzi 50 ndipo apewe posho yake. Watu wakitengwa, hakukosi sababu yenye sura ya akili, na huyo aliyetengwa ndiye anayepewa kazi ya kuua nzi.

Filamu yake ndefu ya mwaka 2025, L'Arbre de l'authenticité, inakwenda Yangambi, kando ya mto Congo, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Humo anazungumza Paul Panda Farnana, Mkongo aliyesomea kilimo Ubelgiji kabla ya vita vya 1914. Hata mti unapewa sauti.

Mwaka 2008, pamoja na Patrick Mudekereza na wenzao, alianzisha chama cha Picha mjini Lubumbashi, ambacho kimekuwa kikiandaa maonyesho makubwa ya wasanii, yale wanayoyaita Biennale.

Sasa tunawaomba ninyi mliobaki na foto moja au mbili ndani ya mfuko wa nguo: andikeni nyuma yake majina, kijiji na mwaka. Tumieni penseli, kwa sababu wino hupenya na kuharibu sura. Na aliyechomewa nyumba na foto zake zote, chefu amkalishe mzee wa jamaa hiyo, amuulize nani alikuwa amesimama wapi katika foto iliyoungua, na kijana mmoja aandike.