Tuseme Kabla Msingi Haujachimbwa



Tumekutana kuchangia madarasa, zahanati na maji. Sisi wa kamati ya mazingira tunayataka maendeleo hayo kama ninyi nyote. Tumeomba dakika chache tuzungumzie mimea na viumbe walioko pale tunapotaka kujenga, kwa sababu wakisahaulika mwanzoni, kuwarudisha baadaye ni kazi kubwa, na pengine haiwezekani.

Mfano uko jirani. Mto Kihansi unatoka kwa ndugu zetu wa Mufindi na kuporomoka katika milima ya Udzungwa. Miaka ya 1990 taifa lilianza kujenga pale kituo cha umeme cha megawati 180, na umeme huo ulihitajika sana. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza, watafiti walikuta kwenye manyunyu ya maporomoko chura mdogo wa rangi ya njano, anayezaa badala ya kutaga mayai. Hajapata kuonekana akiishi porini mahali pengine popote duniani. Makazi yake yote yalikuwa hekta chache tu.

Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalipungua sana. Ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, na vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Waliobaki waliongezeka kwa muda, kisha wakapukutika, na ugonjwa wa kuvu ukatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 waliozalishwa kwenye matunzo walianza kurudishwa kwao.

Angalieni mfuatano wa mambo: chura aligunduliwa wakati ramani imeshachorwa na fedha zimeshatoka. Angejulikana mapema, fungu lake la maji lingejadiliwa mezani kabla ya ujenzi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi wasikilizwe. Lakini mtaalamu hukaa siku chache. Akija kiangazi, hataona kinachochipua masika. Hajui chemchemi ipi haikauki, wala popo hulala pango gani. Mwenyeji ndiye anayejua. Nasi tukiitwa mkutanoni huuliza ajira na fidia, tunasaini mahudhurio, tunaondoka. Kuuliza ajira na fidia ni haki yetu. Ila lisilosemwa haliandikwi, na lisiloandikwa ni vigumu kuwekewa sharti kwenye cheti cha mradi.

Upepo wetu wa Makambako umetajwa kwa miaka mingi, pamoja na ule wa Singida, kuwa unafaa kuzalisha umeme. Mitambo ikija tutaipokea kwa mikono miwili. Lakini mapanga yake yanaweza kuua popo na ndege wakubwa ikisimikwa kwenye njia zao, na popo hao hutulia wadudu mashambani. Kuusogeza mtambo ungali kwenye karatasi ni kazi ya kifutio. Ukishasimama, nani atausogeza?

Hata miradi midogo ina jambo lake. Sheria hiyohiyo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka vyanzo vya maji. Tukipanda milingoti juu ya chemchemi na kukata mivengi iliyokuwa inaitunza, tutakuja hapa mwaka mwingine kuchangia bomba la maji yasiyokuwepo, na vinyungu vitakuwa vimekauka.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo matatu. Kwanza, kila kijiji kiwe na daftari la chemchemi, mabonde yenye majimaji, misitu ya asili, mimea na wanyama, likijazwa masika na kiangazi. Wazee wataje majina kwa Kibena, vijana na walimu waandike. Pili, daftari hilo lisomwe katika kila mkutano wa tathmini, na hoja zetu ziingie kwenye muhtasari kabla hatujasaini. Tatu, kila mradi unaochangiwa na umoja wetu utenge fedha za kupima zile mita 60 na kupanda mivengi palipo na milingoti.

Daftari, kalamu na posho ndogo ya vijana wa kuzunguka mabondeni havitamshinda yeyote aliyeketi hapa. Mnapoandika ahadi zenu leo kwa ajili ya madarasa na zahanati, tunaomba mwongeze mstari mmoja: daftari la kijiji.