Bukari: Mtoto Mkubwa, Lugha Yake na Nyumba Mpya



Miaka mingi iliyopita, nikiwa Brussels kwa utafiti wa miezi michache, niliitwa nyumbani kwa mume na mke waliomwasili binti wa miaka saba kutoka Lubumbashi. Alikuwa na wiki tatu tu pale. Kila jioni alilia akitaja neno moja, nao wakapekua kamusi ya Kiswahili waliyoinunua kwa ajili yake, wasilione. Neno lenyewe lilikuwa bukari. Kamusi yao ilijua ugali. Nilipowafafanulia, yule mama aliinamia meza akalia kuliko mtoto. Alipotulia akaniambia jambo linalonikera hata leo hii: shirika lililowaunganisha na binti liliwaonya wakiache Kiswahili kife upesi, kwa kuwa mtoto mkubwa hushikamana na wazazi wapya anapoachana na lugha ya zamani.

Habari za sheria nitazipita. Mnaufahamu Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu uasili wa watoto kati ya nchi na nchi, na mnakifahamu kifungu cha 24 cha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, kinachotaka kumpeleka mtoto ng'ambo kuwe njia ya mwisho. Mnajua pia kwamba Kenya ilisitisha uasili huo mwaka 2014, na Ethiopia ikapiga marufuku mwaka 2018. Mimi naanzia pale ambapo karatasi zimekwisha kutiwa saini, na mtoto ameketi mezani kwa watu asiowajua.

Ushauri ule wa kukiacha Kiswahili kife una mizizi miwili inayopingana. Mmoja ni methali yetu wenyewe, samaki mkunje angali mbichi: mtoto wa miaka saba, wanasema, amekwisha kukauka. Wa pili unadai kwamba mtoto huyo huyo anaweza kufutwa kama ubao na kuandikwa upya. Ukiwauliza wanaoushika huu wa pili wamepata wapi uthibitisho, watakutajia makala moja ya mwaka 2003 ya Christophe Pallier na wenzake huko Ufaransa. Naipenda sana makala hiyo. Nimeifundisha miaka nenda rudi, ndiyo maana siwezi kunyamaza ikitumiwa vibaya.

Pallier aliwatafuta watu wazima wanane waliozaliwa Korea, wakaasiliwa na familia za Kifaransa wakiwa na umri wa kati ya miaka 3 na 8. Fikirini umri huo. Mtoto wa miaka minane anagombana, anadanganya, anatega vitendawili. Lugha anayo nzima. Watu hao walisikilizishwa sentensi za lugha tano, Kiwolofu kikiwa mojawapo, watambue ipi ni ya Kikorea. Hawakuwashinda Wafaransa ambao hawajawahi kuishi na Kikorea. Wakapewa neno la Kifaransa na maneno mawili ya Kikorea, wachague lenye maana hiyo. Wakabahatisha tu, kama Wafaransa wale. Mwishowe wakaingizwa katika mashine ya kupiga picha za ubongo ukiwa kazini. Sentensi za Kikorea hazikuamsha chochote ambacho sentensi za Kijapani au Kipolandi hazikukiamsha.

Hapo ndipo wapinzani wangu hufunga kitabu: lugha imefutika, basi na mtoto ameanza upya. Lakini Pallier alikuwa akijibu swali jingine. Kulikuwa na dhana, aliyoipa nguvu Eric Lenneberg mwaka 1967, kwamba ubongo una dirisha la kujifunzia lugha, nalo hufungwa. Wakorea wale wanane walionyesha kwamba katika miaka minane dirisha lingali wazi. Makala hiyo basi inaing'oa methali ya samaki, wala haimwamuru mzazi afute kitu. Kikorea kilitoweka kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukisema nao, na ukimya huo ulikuwa uamuzi wa watu wazima. Tena Pallier alipima masikio. Mapenzi hakuyapima.

Na hata kwenye masikio, hukumu haikusimama kama ilivyodhaniwa. Mwaka 2014, watafiti wa Montreal waliwapima wasichana waliotoka China wakiwa wadogo sana, wasiojua sasa ila Kifaransa. Waliposikia toni za Kichina, ubongo wao uliitika kama wa watoto wanaokisema Kichina hadi leo. Mwaka 2017, Jiyoun Choi na wenzake waliwafundisha watu wazima waliotoka Korea utotoni na kukulia Uholanzi matamshi ya konsonanti za Kikorea ambazo sikio la Mholanzi huzichanganya. Baada ya mafunzo waliwapita Waholanzi wenzao, hata wale walioondoka Korea kabla ya kutimiza miezi sita. Kilichodhaniwa kimefutika kilikuwa kimefunikwa.

Nitaambiwa: na Romania je? Utafiti wa Michael Rutter uliwafuatilia watoto 165 walioasiliwa Uingereza kutoka Romania baada ya kuanguka kwa utawala wa Ceaușescu, na waliokaa zaidi ya miezi sita katika vituo vya kulelea watoto vya huko ndio waliobaki na matatizo ya kudumu. Ni kweli, na sitaki mzazi yeyote adanganywe kwamba upendo hutibu kila kitu. Lakini kilichowaumiza ni njaa na upweke wa vituo. Mtoto aliyelelewa mgongoni mwa bibi hadi miaka sita hakuja na jeraha hilo; alikuja na bibi moyoni. Ukimnyima lugha ya kumtaja bibi, wewe ndiye unayemjeruhi.

Mimi mwenyewe nilitoka Lushoto nikiwa na miaka minane, na Kisambaa changu, nikapelekwa kwa mjomba Pangani baada ya msiba. Nilikaa kimya wiki nzima. Mkaza mjomba, mzaliwa wa pwani aliyekulia samaki na nazi, alikwenda kwa muuza mboga mmoja Msambaa akafundishwa maneno manne. Aliyatamka vibaya, na hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. Kiswahili chake nilikipokea baadaye, kwa hiari. Mzazi mpya ndiye anayepaswa kutangulia kujifunza. Hakuna mashine iliyonithibitishia hilo, nami sitaliacha.

Yule mama wa Brussels aliniomba nikae hadi usiku. Tulisonga bukari kwa unga wa mahindi alioupata Matongé, kwenye maduka ya Wakongo. Mtoto alisimama kwenye kiti akisimamia, akitukaripia kwamba mwiko haushikwi hivyo. Kabla sijaaga, mama alifungua kamusi yake, akaandika bukari pembeni ya ugali kwa kalamu ya risasi, akamwonyesha binti. Binti alilitazama neno hilo herufi kwa herufi, kisha akaichukua ile kalamu na chini yake akachora sufuria.