Batiki ya Kufunga: Kutoka Kaniki ya Misafara hadi Ndoo ya Uani

Batiki ya kufunga ni kitambaa cha pamba kinachofungwa mafundo kabla ya kutiwa rangi, ili rangi isifike kila mahali. Palipobanwa hubaki peupe, palipo wazi hukolea. Ufundi huu umejulikana kwa karne nyingi Gujarat na Kutch nchini India, na Japani pia. Mwanzoni mwa karne ya 20 akina mama wa Kiyoruba wa Abeokuta, Nigeria, waliufanya biashara kubwa. Huku Kimuli, mkoani Kagera nchini Tanzania, na Kyerwa na Karagwe kwa jumla, historia yake ni fupi zaidi, kwa sababu nguo ya pamba yenyewe ilichelewa kufika.

Vazi la zamani la Wanyambo, wenyeji wa huku, lilikuwa ngozi. Kwa jirani zao wa Uhaya na Buganda palikuwa na lubugo, nguo iliyopatikana kwa kuponda gome la mti mpaka likawa laini na pana. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa njia ya Tabora waliweka kituo Kafuro, jirani na Bweranyange, makao ya Omukama, yaani mfalme, wa Karagwe. Mizigo yao ilikuwa na marekani, kitambaa kisichotiwa rangi kilichofumwa Marekani, na kaniki, iliyotiwa nili huko India. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alikuwa amefika Buganda tangu mwaka 1844, na mpelelezi Henry Morton Stanley alimkuta Kafuro mwaka 1876.

Wasikilizaji, ushahidi mzuri kuhusu mavazi ya enzi hizo umeachwa na mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika kwa Omukama Rumanyika pamoja na James Grant mnamo Novemba 1861. Aliandika kwamba Rumanyika alivaa joho jeusi la Kiarabu, shanga za rangi miguuni na vikuku vya shaba mikononi, na kwamba nduguye, Nnanaji, alijifunga nguo ya mirabaraba na kuvaa hirizi tele. Nguo ya dukani, basi, ilianzia ikulu ndipo ikashuka hadi kwenye migomba ya watu wa kawaida. Nayo ilifika ikiwa tayari na rangi yake, au bila rangi kabisa.

Ufundi wa kuitia rangi nyumbani ulienea nchini baada ya Uhuru. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, na SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, likaundwa mwaka 1973. Mafunzo ya batiki yakazoeleka katika vikundi vya akina mama, mara nyingi sambamba na utengenezaji wa sabuni. Wengi walijifunza ili wauze. Hata hivyo kazi hii inamfaa sana mtu anayetafuta burudani ya mikono, kwa kuwa hakuna mashati mawili yatakayotoka sawasawa, hata yakifungwa na mtu yuleyule.

Shati liwe la pamba tupu, maana poliesta haishiki rangi ya batiki. Hufuliwa kwanza ili kuondoa wanga wa kiwandani, kisha hufungwa likiwa na unyevu. Anayetaka vijiduara huchukua punje za maharage, ambayo Kimuli hayakosekani, akaweka punje moja chini ya kitambaa na kuizungushia uzi mara kadhaa kwa nguvu. Anayetaka mzunguko mkubwa hushika katikati ya kifua cha shati, akalisokota mpaka likawa kama chapati, halafu akalibana kwa vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli. Fundo likilegea, mchoro umepotea. Uvumilivu wote wa kazi hii uko kwenye kufunga.

Rangi ya batiki inayotumiwa zaidi nchini ni ya jamii iliyogunduliwa Ujerumani mwaka 1901 na René Bohn wa kampuni ya BASF. Haiyeyuki katika maji matupu, hivyo huchanganywa na kostiki soda na haidrosalfaiti katika maji ya moto. Hapo hubadilika sura: bluu yaweza kuonekana kijani au manjano, na anayeanza hudhani ameuziwa rangi isiyo yake. Shati hulowekwa dakika chache, likageuzwageuzwa, kisha hutolewa na kuachwa lipigwe na hewa. Hewa ndiyo inayoirudisha rangi yake halisi na kuifunga ndani ya nyuzi za pamba. Baada ya hapo shati husuuzwa, hufunguliwa mafundo, hufuliwa kwa sabuni na kuanikwa kivulini.

Kostiki soda huunguza ngozi na macho, kwa hiyo glovu za mpira ni lazima, na watoto wakae mbali. Soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji. Maji yasimiminwe juu ya soda. Sufuria ya alumini haifai, kwa sababu soda huila na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Ndoo ya plastiki ngumu inatosha. Haidrosalfaiti ihifadhiwe pakavu, kwani ikipata unyevu huweza kupata joto yenyewe hadi kuwaka, na harufu yake kali inataka kazi ifanyike uani, si ndani. Na tafadhali, msikilizaji, ndoo na mwiko vilivyotumika kwa rangi visirudi tena jikoni.