Gofu la Hospitali Kugeuzwa Hoteli: Funzo la Mji wa Buffalo



Ni nadra kuikosa wilaya yenye jengo la umma lililohamwa, ambalo watu hulipita kwa mwendo wa haraka jua likizama. Kama jengo hilo lilikuwa hospitali, husemwa kuwa lina mizimu. Na pendekezo la kuligeuza hoteli likitolewa, mjadala huanzia kwenye mizimu na mara nyingi huishia papo hapo. Mji wa Buffalo, katika jimbo la New York nchini Marekani, umepita njia hiyo, na yaliyoukuta yafaa kuzingatiwa.

Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Buffalo ilifunguliwa mwaka 1880. Msanifu wake alikuwa Henry Hobson Richardson. Ramani ilifuata mafundisho ya daktari Thomas Story Kirkbride, aliyeamini kuwa mwanga wa jua, hewa safi na bustani ni sehemu ya tiba. Kwa sababu hiyo wodi zilipangwa pande mbili za jengo la kati, kila moja ikirudi nyuma kidogo ya mwenzake ili ipate jua na upepo. Minara miwili iliyokuja kuogopwa baadaye ilisimamishwa kwa nia ya huruma.

Mwaka 1974 wagonjwa wa mwisho waliondolewa katika majengo hayo ya kale. Paa zikavuja, sakafu zikaoza, na visa vya mizimu vikaenea. Mwaka 1986 mahali hapo palitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa, lakini tangazo haliezeki paa. Ilibidi watetezi wa majengo ya kale waishtaki serikali ya jimbo kwa kuyatelekeza. Hatimaye serikali ilitenga makumi ya mamilioni ya dola, na mwaka 2006 kikaundwa chombo kisichotafuta faida ili kusimamia ukarabati.

Kazi ilianza kwa kuzuia maji na kuimarisha kuta. Hoteli ilikuja baadaye. Mwaka 2017 ilifunguliwa ikiwa na vyumba 88, katika jengo la kati na mawili ya jirani. Vyumba vidogo vya wagonjwa viliunganishwa, na korido pana zikaachwa zilivyo. Mwaka 2021, wakati wa janga la UVIKO-19, hoteli ilifungwa. Mwaka 2023 ikafunguliwa tena kwa jina jingine, huku majengo mengine mengi ya hapo yakiwa bado matupu.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, usipoziba ufa utajenga ukuta: gharama ya kulinda jengo tupu ni ndogo kuliko ya kulifufua. Pili, mwendeshaji hupita na jengo hubaki. Mkataba wowote hauna budi kueleza nani ataezeka paa siku hoteli itakapofungwa, na ardhi itarudi kwa nani.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, hospitali ina wafu wake. Mzee anayesema pana mizimu huenda anasema kwamba ndugu yake alifia humo na hakuna aliyemuaga ipasavyo. Kumcheka ni kukosa adabu. Kuigeuza hofu yake kuwa kivutio cha watalii ni kukosa adabu zaidi. Heri aitwe mapema, asikilizwe, makaburi yatambuliwe, na historia ya wagonjwa iandikwe mahali ambapo kila mgeni ataisoma.

Halmashauri inayopokea ombi la mwekezaji, basi, na iulize maswali hayo matatu kabla ya kuuliza idadi ya vitanda. Yakijibiwa kwa maandishi, na mbele ya wananchi, gofu laweza kupokea wageni bila kuwafukuza wenyewe.