Udongo, Mbao na Mauti: Fahari Ipitayo katika Sanaa ya Unyanyembe

Katika fasihi ya Kiswahili, wazo la kwamba fahari ya dunia haidumu limepata sura yake mashuhuri katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Mtunzi aliyatazama magofu ya Pate, akaitaka nafsi yake izingatie. Pate, hata hivyo, ilijengwa kwa mawe. Kuta zake zilibomoka, lakini zikabaki kuwa shahidi. Je, huwaje pale fahari ilipojengwa kwa udongo?

Swali hilo humfikisha msomaji Unyanyembe, kwenye njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Tabora ilistawi kwa biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Matajiri wa Kiarabu na wa Kiswahili walijenga matembe, nyumba za udongo zenye paa bapa, nao wakaleta kutoka pwani desturi ya mlango wenye nakshi. Ukuta ulihitaji kukandikwa upya baada ya mvua. Mlango ulitangaza cheo cha mwenye nyumba hata kabla hajatokea.

Lakini cheo chenyewe hakikukaa. Mnamo Agosti 1871 Mirambo aliishambulia Tabora. Alipofariki Desemba 1884, dola aliyoiunda kwa vita ilianza kusambaratika. Januari 1893, Wajerumani walipoliteka boma la Isike, mtemi wa Unyanyembe, yeye aliiwasha baruti yake akitaka kufa pamoja na enzi yake. Nacho kiti cha enzi cha Buruku, kilichochongwa sura ya mtu kwenye egemeo lake, kimehifadhiwa katika makumbusho ya Berlin. Kiti kimebaki; wa kukikalia hayupo, na watu ambao kwao kiti hicho kilikuwa na maana wako mbali nacho.

Tembe la Kwihara, karibu na Tabora, latoa fundisho jingine. Stanley na Livingstone walifika hapo Februari 1872. Stanley aliondoka Machi, na Livingstone akaondoka Agosti. Mwaka 1873 maiti ya Livingstone ilipita Unyanyembe ikielekea pwani, mabegani mwa wapagazi walioongozwa na Chuma na Susi. Hata hivyo, nyumba hiyo hujulikana kwa jina la mgeni wa miezi sita. Aliyeijenga hatajwi na wengi, na wapagazi walioshusha mizigo yao kizingitini wametajwa kwa uchache zaidi.

Hapa ndipo tofauti na Pate inapojitokeza. Mshairi wa Al-Inkishafi huuliza waliko wakubwa waliokuwa na majumba. Unyanyembe hulazimisha swali la pili: wako wapi wale ambao hawakuwa na majumba, ilhali majumba yalisimama kwa jasho lao? Mauti huwasawazisha watu, lakini kumbukumbu haiwasawazishi. Sanaa huchagua nani aonekane amekufa, na nani aonekane kana kwamba hakupata kuishi. Mwanafunzi wa sanaa ya kale akisimama mbele ya mlango wa nakshi, hana budi kuusoma mara mbili: kwanza kwa ajili ya aliyeingia kwa fahari, kisha kwa ajili ya aliyeubeba.