Kufunga Taarifa za Mikopo za Mtoto



Mtoto hana deni wala haombi mkopo, na ndiyo sababu namba yake ya Hifadhi ya Jamii humfaa mno mwizi, ambaye mara nyingine, tusifichane, ni jamaa wa nyumbani. Yaweza kutumika miaka mingi kuombea kadi za benki, mzazi asijue, hata siku kijana atafutapo chumba cha kupanga akaambiwa kuwa ni mdaiwa sugu.

Tangu Septemba 2018, sheria ya Marekani imempa mzazi kinga bila malipo. Mtoto akiwa chini ya miaka 16, mzazi wake aweza kuziandikia kampuni za Equifax, Experian na TransUnion zimfungulie jalada, kisha zilifunge papo hapo. Mkopeshaji asiyeweza kusoma jalada aghalabu hatoi mkopo. Kila kampuni iandikiwe peke yake, kwani kuiarifu moja hakuzifungi nyingine. Ambatisheni nakala za kitambulisho chenu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kadi yake ya Hifadhi ya Jamii. Hati zenyewe zibaki nyumbani. Barua ikifika, kampuni ina siku tatu za kazi. Atakayewadai ada kwa kazi hii, mkataeni.

Jalada hubaki limefungwa mpaka mwombe lifunguliwe, au kijana aombe mwenyewe akitimiza miaka 16. Kwa hiyo majibu ya kampuni zote tatu yawekeni pamoja na kadi yake.